Redio za ridhaa Moshi–Arusha: mchana tunasikizana, giza likiingia kimya. Hapo tutajitolea vipi siku ya maafa?

#1 Kiherehere_wa_Rau
Wakuu, habari za jioni.

Niko Moshi, Rau. Nina leseni ya redio za ridhaa (za watu binafsi, si za biashara), redio ya mawimbi mafupi ya wati 100 na betri la N70. Mimi na wenzangu watatu, wawili kati yao wako Arusha, tumekubaliana tujinoe ili siku maafa yakitokea na simu zikazima, tuweze kupeleka taarifa: barabara gani imekatika, wapi wanataka mahema, nani kapatikana. Hakuna malipo, ni kujitolea.

Sasa shida iko hapa. Jumapili tunakutana kwenye 7.110 MHz. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja tunasikizana kama tumekaa sebule moja. Jua likishazama, ikigonga saa moja na nusu hivi, sauti ya Arusha inaanza kutetemeka, inazama, inaibuka, inazama jumla. Halafu pale pale naanza kuwasikia Waitaliano wanapiga soga. Arusha ni kilomita 80! Mtu wa Italia namsikia, wa Njiro simsikii.

Mafuriko hayasubiri kupambazuke. Wajuzi, sababu ni nini? Na kuna maana ya kuendelea na hii kitu?

#2 Chalii_wa_Sakina
Mchagga anajitolea bila malipo? Mods angalieni hii akaunti, imedukuliwa.

Nimeweka kambi, endeleeni.

#3 Fundi_Antena
Mleta mada, redio yako nzima. Anga ndilo limebadilika.

Kwa umbali wa kilomita 80 wimbi lako haliendi kwa kutambaa ardhini. Linapanda karibu wima, linagonga ionosfia, lile tabaka la chembe zenye umeme huko juu angani, linarudi chini kama mvua na kumwagikia eneo lote la jirani. Lakini kila saa ya siku kuna kikomo: ukipiga wima kwa masafa yaliyo juu ya kikomo hicho, wimbi linatoboa na kwenda zake angani. Jua likizama kikomo kinashuka. Kikienda chini ya 7 MHz, Arusha inakuwa ndani ya duara la kimya. Mwitaliano wimbi lake linakuja kwa mlalo, halitoboi, ndiyo maana unamsikia.

Dawa: usiku shukeni 3.760. Hayo nayo ni masafa ya dharura ya kanda yetu, sawa na 7.110. Ila antena itarefuka. Kwa 7.110 ulihitaji waya wa mita 20 ncha hadi ncha, kwa 3.760 andaa mita 38.

#4 Kiherehere_wa_Rau
Shukrani mkuu. Ila mita 38! Nimepanga. Mwenye nyumba hata huu wa mita 20 anaamini unavuta radi, na mama mkwe wake kaniambia nisiuwashe siku ya msiba.

#5 Pasua_Original
Mnazunguka mbuyu. Huo ni mlima. Kilimanjaro imekaa katikati, inakinga mawimbi. Watu wa Moshi tunajua.

#6 Dereva_wa_Ngorongoro
@Pasua_Original kaka, jiografia ulisoma wapi? Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi. Arusha iko magharibi. Kati yako na Arusha kuna Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Usa River. Tambarare mpaka unakaribia Tengeru, halafu unaanza kupanda miteremko ya Meru. Kama kuna cha kukinga ni vile vilima vya Tengeru kuja mjini, si Kibo.

Halafu huo mlima wako unakinga usiku tu? Mchana unaenda wapi?

#7 Pasua_Original
Mchana unafunikwa na mawingu 😂

#8 Mwl_Fizikia
Nampa Fundi_Antena heshima yake, lakini maelezo ya #3 ni ya vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Sisi tuko digrii 3 kusini mwa ikweta, na ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, pande za Ethiopia. Huku ionosfia ina tabia zake.

Mchana umeme wa angani juu ya ikweta ya sumaku unainua chembe juu kama chemchemi, kisha zinamwagika upande wa kaskazini na wa kusini. Sisi tupo upande zinakomwagikia. Kwa hiyo jioni kikomo kwetu si lazima kishuke haraka kama anavyosema. Miaka ambayo jua lina madoa mengi kinaweza kubaki juu ya 7 MHz saa kadhaa baada ya magharibi.

Tatizo ni lingine. Jua likishazama tu, tabaka lile linapandishwa ghafla na kuanza kuchanika, linatoka mapovu. Wimbi likigonga tabaka lenye mapovu linarudi vipande vipande, sauti inapepesuka. Hali hiyo huanza saa moja, saa mbili, na inaweza kuendelea mpaka usiku wa manane. Mwezi wa tatu na wa tisa ndiyo mbaya zaidi.

Mleta mada amesema sauti "inaanza kutetemeka". Hiyo ndiyo dalili. Kikomo kingekuwa kimeshuka tu, sauti ingefifia taratibu na kwisha, bila kutetemeka.

#9 Fundi_Antena
Mwalimu, na kikomo kikiwa kinacheza hapo hapo kwenye 7, juu kidogo, chini kidogo, hakitatetemesha sauti? Mimi nimeshuka 3.7 usiku na watu wa Manyara wakarudi. Mapovu yako yalikuwa wapi?

#10 Mwl_Fizikia
Yalikuwa yamelala. Hayatoki kila siku. Andika tarehe, tulinganishe.

#11 Fundi_Sola_Njiro
Wasomi mmeenda mbinguni, rudini ardhini. Saa moja na nusu ndiyo saa ambayo nyumba nzima inawasha taa. Hizi taa za LED za bei chee, chaja za simu, inveta za sola, king'amuzi, vyote vinapiga kelele kwenye mawimbi mafupi. Nafunga sola mimi, nakwambia kuna inveta ukiiwasha redio yote inakuwa kama unakaanga dagaa.

Mchana mtaa umelala, kelele hakuna. Jioni kelele zinapanda, sauti dhaifu ya jirani inafunikwa. Zima meni swichi yako, sikiliza kwa betri tupu.

#12 Kiherehere_wa_Rau
@Fundi_Sola_Njiro umenikumbusha. Kuna jioni umeme ulikatika mtaa mzima tukiwa hewani. Kelele zilishuka kweli, sindano ya kipimo cha redio ikalala. Jamaa wa Njiro nikamsikia vizuri ghafla. Lakini wa pili, aliyeko Ngaramtoni, akabaki vile vile anatetemeka kama anaongea ndani ya feni.

Kwa hiyo sijui nani kashinda hapo.

#13 Chalii_wa_Sakina
Wa Ngaramtoni anasikia baridi tu mzee, mpelekeni blanketi la kimasai.

#14 Nesi_wa_Zamu
Habari zenu. Mnisamehe niingilie na swali la kijinga. Nafanya kazi mapokezi ya dharura, hospitali siitaji. Simu zinazima lini hasa? Maana kwenye ajali na mafuriko niliyoyaona mimi, simu zilikuwa zinapiga. Tatizo lilikuwa watu kumi kupiga kuuliza kitu kile kile na kila mmoja kuleta idadi yake. "Wanakuja majeruhi 30." Wanakuja 6. Dakika kumi baadaye "hakuna tena". Wanakuja 11.

Nyie na redio yenu mnaongeza sauti ya kumi na moja, au mnapunguza?

#15 Mtu_wa_Kwamrombo
Dada Nesi simu zinazima. Umesahau Mei 2024? Dhoruba ya jua ilikata nyaya za baharini, nchi nzima simu zikafa.

#16 Bwana_Mtandao
@Mtu_wa_Kwamrombo umechanganya mambo matatu kwenye chungu kimoja.

Dhoruba ya jua ilikuwepo, Mei 10 na 11, 2024. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika Mei 12, chini ya bahari huko pande za Afrika Kusini. Jua halikati waya ulio chini ya bahari. Na kilichoyumba siku ile ni intaneti. Kupiga na kutuma meseji kuliendelea. Tulikaa bila WhatsApp, hiyo ndiyo mnaiita simu kufa.

#17 Mtu_wa_Kwamrombo
Sawa mkuu, ila tarehe zimefuatana mno. Mimi nina mashaka yangu.

#18 Fundi_Antena
Dhoruba ile iliyumbisha mawimbi mafupi sehemu nyingi duniani. Kwa hiyo kama waya wa baharini ungekatika siku mbili kabla, wanaojitolea redioni nao wangekuwa wanahangaika. Tuwe wakweli, hiki chombo nacho kina siku zake.

#19 Nakaaya_Kujitolea
@Nesi_wa_Zamu swali lako si la kijinga, ndilo swali. Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliposhuka Katesh nilikwenda na lori la mablanketi kutoka Arusha. Nilipokuwa mimi mtandao ulikuwepo. Chaji ndiyo hakuna. Mtu ana simu mkononi, imekufa, na hakuna pa kuchomeka. Nilimwona kijana na betri la pikipiki anachajisha simu za watu. Yule ndiye alikuwa mtu wa mawasiliano siku ile, na leseni hana.

Ningekuwa na mtu mmoja mwenye redio pale chini na mwingine Arusha, ningemwambia kitu kimoja: "Msilete tena nguo, leteni sufuria." Maana nguo zilikuwa mlima mwingine.

#20 Mzee_wa_Skedi
Vijana, salaam. Mimi ni mstaafu, nilikuwa mwangalizi wa redio kwenye hospitali moja ya misheni huku wilayani. Shirika la afya la AMREF walipoanza mwaka 1957 na madaktari wao wa ndege, hospitali za mbali zilikuja kuunganishwa kwa redio hizi hizi za mawimbi mafupi. Sisi tulikuwa na skedi, asubuhi na alasiri. Kila kituo kinaitwa kwa zamu, kinajibu kina nini: mgonjwa wa kusafirishwa, damu, dawa imekwisha. Hakuna hadithi. Ukianza "habari za nyumbani" unakatwa.

Jibu langu kwa kijana wa Rau: sisi hatukushindana na usiku. Tulijua usiku haupitiki kwa masafa yale, basi kazi kubwa tuliifanya mchana, na usiku tulikuwa na masafa ya pili ya chini yaliyobandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Mambo ya mapovu sikuyasikia, ila kutetemeka nilikusikia sana.

#21 Mwl_Fizikia
Shikamoo Mzee. Huo ushahidi wako wa mwisho nautunza.

#22 Mzee_wa_Skedi
Marahaba. Utunze, lakini wa masafa ya chini usiutupe.

#23 Fundi_Antena
😂😂 Mzee kagawa pointi nusu kwa nusu.

#24 Mpagazi_Mstaafu
Nichangie na mimi, nimebeba mizigo mlimani kabla ya kuwa mwongoza watalii. Intaneti ilifika Horombo mwaka 2022, mita 3,720, watu wakapiga picha wakadhani shida imekwisha. Barranco je? Pale umezungukwa na kuta, kuna kona simu inashika na hatua mbili mbele hakuna. Ukipanda Shira unaiona Meru hii hapa, redio koli ya wati 5 inafika mbali kuliko simu ya milioni mbili. Mawimbi ya redio zile yanaenda kama macho: unapoona, inafika.

Moto wa Oktoba 2020 juu ya Mandara, watu walipanda na majaba ya maji wakiwa na hamu ya kusaidia, na kundi hili halijui lile liko wapi. Pale ndipo pa kujitolea. Mtu mmoja aliyekaa mahali pa juu, ametulia, anasema "kundi la kwanza rudini kushoto".

#25 Pasua_Original
Kwa hiyo mlima ni muhimu. Nilisema.

#26 Dereva_wa_Ngorongoro
Wewe ulisema unakinga, yeye anasema unasaidia. Kaa chini.

Ila wakuu, madereva wa utalii kila gari lina redio koli. Maafa yakitokea si tunatumia hizo hizo? Nasikia kwenye dharura unaruhusiwa kuingia masafa yoyote.

#27 Bwana_Mtandao
Umesikia vibaya, na wengi wanasikia hivyo. Redio ya kwenye gari lako ina masafa yaliyopewa kampuni yako. Leseni ya ridhaa ni ya mtu, nayo ina masafa yake, kama 144 hadi 146 MHz na hayo ya mawimbi mafupi. Ukinunua redio ya mkononi ya Baofeng Kariakoo na kuiprogramu masafa ya polisi ili "usaidie", umejitafutia kesi. Anayetaka leseni aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi ya kanda iko hapo hapo Arusha.

Kwa wanaoogopa mosi (Morse, ile lugha ya nukta na vistari): sharti la kimataifa la kujua mosi liliondolewa mwaka 2003. Mfano wa kazi yenyewe ni visiwa vya Andaman, Desemba 2004. Bharathi Prasad wa India alikuwa huko visiwani, mji wa Port Blair, na wenzake kwa shughuli ya redio za ridhaa, tsunami ikapiga, redio yao ikawa njia ya kupeleka habari za watu bara. Hawakwenda kwa ajili ya maafa, maafa yaliwakuta. Puerto Rico 2017 ikawa tofauti: baada ya kimbunga Maria, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba watu 50 wa redio, wakapelekwa 22. Kazi yao mojawapo ilikuwa kutuma majina ya walio salama.

#28 Nesi_wa_Zamu
Majina! Hapo hapo nisimame. Redio hiyo kila mtu anasikia?

#29 Bwana_Mtandao
Kila mtu mwenye redio. Na kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya ujumbe kwenye masafa ya ridhaa. Fumbo hairuhusiwi.

#30 Nesi_wa_Zamu
Basi mimi sikupi jina la marehemu wala la mgonjwa. Mama yake akisikia kwa jirani mwenye redio kabla daktari hajamwita? Hapana. Hata kama mtandao umekufa nchi nzima.

#31 Nakaaya_Kujitolea
Dada unaweza kutumia namba. Karatasi moja ibaki kwako, nyingine iende kwa bodaboda kwenye bahasha. Redioni tunasema "namba 14, mwanaume, mguu, anakuja".

#32 Fundi_Antena
Na namba si fumbo?

#33 Bwana_Mtandao
Namba ya karatasi si fumbo, ni marejeo. Maana ya ujumbe iko wazi, mguu ni mguu.

#34 Chalii_wa_Sakina
Kama bodaboda anapeleka bahasha hospitali, si apeleke na ujumbe wote? Moshi–Arusha chalii wangu anatembea saa moja na robo, mvua inyeshe, mapovu yatoke.

#35 Mpagazi_Mstaafu
Daraja likiondoka je?

#36 Chalii_wa_Sakina
Anavuka kwa miguu anachukua boda ya ng'ambo. Hujawahi kuishi Arusha wewe.

#37 Mzee_wa_Skedi
Huyu kijana anatania, lakini enzi zetu ndivyo ilivyokuwa. Redio inafika hospitali, kutoka hospitali hadi bomani ni baiskeli. Mkikaa kikao, mtu wa boda mwiteni naye.

#38 Bi_Shanti
Kiherehere, mbona hakuna aliyekuuliza betri? N70 ukiwa umetumia tangu mchana, jioni volti zimeshuka. Redio ya wati 100 ikitaka kutuma inavuta ampea 20. Volti zikianguka chini ya kiwango chake sauti inakatika na kutetemeka pia. Pima wakati unatuma, usipime imetulia.

#39 Kiherehere_wa_Rau
Dada, ila anayetetemeka ni wa Ngaramtoni ninapomsikia, si mimi ninapotuma.

#40 Bi_Shanti
Na betri lake yeye umelipima?

#41 Mwl_Fizikia
Aisee.

#42 Fundi_Sola_Njiro
Hahaha, mapovu ya ionosfia yamehamia kwenye asidi ya betri.

#43 Kiherehere_wa_Rau
Nimempigia sasa hivi. Anasema betri ni la gari lake, na gari analitumia kwenda kanisani asubuhi. Hajui volti. Antena yake imepita juu ya migomba, anasema ikinyesha majani yanagusa waya.

#44 Fundi_Antena
Migomba iliyolowa! Tuna sababu ya tano au ya sita? Jumapili mjaribu hivi: saa moja jioni mkae 7.110, saa moja na nusu mhamie 3.760, mrudi, mhame, kila robo saa. Kila mtu aandike volti, kelele, na kama sauti imefifia au imetetemeka. Waya wa 3.760 uukunje pembeni mwa ukuta kama nafasi hakuna, utapoteza kidogo lakini utasikika.

#45 Mwl_Fizikia
Naunga mkono, ila Jumapili moja haitoshi kunishinda.

#46 Mtu_wa_Kwamrombo
Swali nje ya mada. Nimeona mtandaoni kuna satelaiti ya hawa watu wa ridhaa imesimama juu ya Afrika. Si mngetumia hiyo mkaachana na jua na migomba?

#47 Bwana_Mtandao
Ipo, QO-100, ilirushwa Novemba 2018. Imesimama karibu digrii 26 mashariki, mchana na usiku haitetemeki. Kusikiliza ni rahisi: dishi, LNB ya kawaida (kile kichwa cha dishi) na kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta, inashuka kwenye 10,489.5 MHz. Kutuma ndiyo ghali kidogo, unapanda kwa 2,400 MHz na unahitaji kifaa chake. Kwa kuongea na Dar au nje ni nzuri sana. Lakini kila ujumbe wa Moshi kwenda Arusha unapanda kilomita elfu 36 kwanza.

#48 Fundi_Sola_Njiro
Dishi la DStv nililonalo juu ya bati litafaa?

#49 Bwana_Mtandao
Litafaa, ila itabidi uligeuze. La DStv huku linaangalia digrii 36, yaani karibu utosini kabisa. Hili ulilaze kuelekea magharibi hadi kama digrii 76 kutoka upeo wa macho.

#50 Fundi_Sola_Njiro
Nikiligeuza mke wangu anakosa tamthilia saa mbili usiku. Nitafute dishi la pili. Nani ana la sentimita 90 anauza, liwe Arusha?

#51 Pasua_Original
Ninalo Moshi. Uje ulichukue, boda juu yako.